Waliaga wanakwenda ziarani, wakarudi baada ya miaka 15: Inti-Illimani na albamu ya Viva Chile!

Mwana wa Makorora

Wakuu, salaam kwenu. Humu tumezoea rumba, dansi, taarab na singeli. Leo naomba tuvuke bahari mpaka Chile, maana kuna kundi moja la muziki wa asili ninalolipenda tangu utoto na sijawahi kuona likitajwa kwenye jukwaa hili.

Kundi linaitwa Inti-Illimani. Inti ni jua kwa Kiquechua. Illimani ni mlima wa theluji unaouona ukiwa La Paz, Bolivia, wenye mita 6,438, yaani unaupita Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 500. Kundi lilianzishwa Santiago mwaka 1967 na wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi, Universidad Técnica del Estado. Mchana darasani, usiku na magitaa na filimbi. Miaka ile vijana wengi wa Chile walikuwa wameshikwa na kazi ya Violeta Parra, yule mama aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za wazee kabla hazijazikwa nao. Violeta alifariki mwaka huohuo wa 1967.

Sasa nije kwenye albamu na ziara yenyewe.

Katikati ya mwaka 1973 vijana sita wa kundi hilo waliondoka Chile kwenda Ulaya. Walipita Berlin Mashariki kwenye tamasha la dunia la vijana na wanafunzi, kisha wakaingia Italia. Tarehe 11 Septemba walikuwa Roma. Siku hiyo jeshi likampindua Rais Salvador Allende, ndege za kivita zikaishambulia ikulu ya La Moneda, na Allende akafia humo. Kabla wiki haijaisha, mwimbaji mwenzao Víctor Jara, aliyekuwa akifanya kazi chuo kilekile walichotoka wao, alikuwa ameshauawa na wanajeshi.

Hebu jiweke pale. Horacio Salinas, mtunzi na kiongozi wao wa muziki, alikuwa na miaka 22. Wana sanduku la nguo za jukwaani, zile poncho nyekundu. Wana vyombo vyao. Wana maonyesho waliyoahidi watu. Na nyumbani hakuendeki.

Wakaingia studio. Albamu ya Viva Chile! ilirekodiwa na kutolewa hukohuko Italia mwaka 1973, na lebo ya I Dischi dello Zodiaco. Jina lake, kwa Kiswahili cha mikutano yetu ya hadhara, ni "Chile oyee!" kabisa.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ukiiweka hiyo albamu bila kujua historia yake, utadhani ni ya furaha. Ngoma inaruka, charango, kile kigitaa kidogo cha Andes, inachechemea, watu wanaitikiana. "Venceremos" ulikuwa wimbo wa kampeni ya Allende ya mwaka 1970, na maana yake ni "tutashinda". "Canción del poder popular" ulitoka kwenye mkusanyiko wa nyimbo zilizotungwa mwaka huohuo kuwaeleza wananchi sera za serikali mpya. "Cueca de la CUT" ni ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Zote ni nyimbo za watu walioamini kesho yao imeshafika. Wanaingia studio kuziimba, kumbe serikali iliyoimbwa humo imeshapinduliwa, rais wake amekufa, na waliokuwa wakiitikia viitikio hivyo wamejazwa kwenye viwanja vya michezo kama wafungwa. Hawakubadilisha neno hata moja. Hawakupunguza mwendo. Waliimba vilevile kama walivyoimba mbele ya umati Santiago.

Mimi sijui albamu nyingine ya namna hiyo. Furaha yake imerekodiwa baada ya furaha kwisha.

Ziara ikaendelea. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Walikanyaga tena ardhi ya Chile tarehe 18 Septemba 1988.

Nitaendelea. Mwenye la kusema aseme.

Ngurumo

Naweka kambi hapa. Mkuu, shusha nondo taratibu tuzifaidi.

Swali dogo: ndio walewale wa ile lambada iliyotamba miaka ya 90? Kila harusi ilipigwa ile.

Mwana wa Makorora

Hapana kaka, ila umegusa ndugu zao. Wimbo ule kwa asili unaitwa "Llorando se fue" na ni wa Los Kjarkas, kundi la muziki wa asili la Bolivia, walioutoa mwaka 1981. Kundi la Kaoma lililokuwa Ufaransa likauchukua mwaka 1989, likauita "Lambada", dunia nzima ikacheza. Los Kjarkas hawakuombwa ruhusa. Walikwenda mahakamani na haki yao ikatambuliwa. Usikilize ule wa kwanza wenye filimbi za zampoña. Unakwenda polepole, una majonzi, na jina lake lenyewe ni "aliondoka akilia". Wengi wetu tulicheza msiba wa mtu bila kujua.

Fundi Udi

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni mpigaji, niko Zenji, na nimekuja kwa sababu ya hiyo charango.

Nilipata kuishika moja mkononi, aliileta mgeni mmoja kwenye mazoezi yetu. Ni kigitaa kidogo, unaweza kukikumbatia kama mtoto mchanga. Zamani mgongo wake ulikuwa gamba la mnyama wa kule, mwenye magamba magumu, anafanana kidogo na kakakuona wetu. Siku hizi nyingi huchongwa kwa mti. Ina nyuzi 10, zimepangwa mbilimbili, jozi 5. Sisi watu wa udi tukasema aa, huyu ndugu yetu, maana udi nao una nyuzi za jozi. Wazee wake ni walewale walioingia Hispania na Waarabu, wakapanda meli za Wahispania.

Lakini tulipoijaribu ikatukataa. Udi ukishuka kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, sauti inapanda kwa mpangilio. Charango haina huo mpangilio. Jozi za juu na za chini sauti zake zimekaribiana, na ile jozi ya katikati nyuzi zake mbili zimepishana, mmoja unalia chini, mwenziwe unalia juu. Ndio maana ukiikwaruza mara moja tu, unasikia kama mtu amemwaga senti juu ya sinia la shaba. Hakuna besi. Yote iko juu, inametameta.

Sasa sikilizeni "Alturas" iliyomo kwenye albamu hiyo. Haina maneno. Ni utunzi wa huyo Salinas. Ngoma na nyuzi zinaweka njia, filimbi ya quena inaingia juu yake. Quena ni mwanzi uliotobolewa matundu 6 mbele na moja nyuma la kidole gumba, na mdomoni imekatwa mkato mdogo tu. Haina kipande cha kukusaidia kama filimbi za dukani. Midomo yako ndiyo inayotengeneza sauti. Ukiwa na wasiwasi inasikika. Ukiwa na kikohozi inasikika. Nimesikiliza wimbo ule kwa vipokea sauti masikioni usiku nyumba imelala, na pumzi ya mpigaji unaipata kabla ya sauti yenyewe. Pumzi kwanza, kisha noti.

Mwana wa Makorora, ahsante sana kwa uzi huu.

Nipo Bologna

Wakuu, mimi naishi Italia mwaka wa 14 sasa. Niwaambie kitu: huku mtu yeyote aliyekuwa kijana miaka ya 70 anawajua hawa. Nafanya kazi na mzee mmoja karibu kustaafu, fundi mitambo. Siku moja nilikuwa napiga mluzi "Alturas" niliyoisikia kwa jirani, akaacha spana, akaumalizia mluzi mpaka mwisho. Machozi yakamlenga. Akaniambia ujana wake wote umo humo.

Waitaliano waliwapokea kweli. Walianza kukaa Genzano, mji mdogo kwenye vilima nje ya Roma. Maonyesho mengi walikuwa wakipiga kwenye Feste dell'Unità, zile sherehe za kila mwaka za Chama cha Kikomunisti cha Italia, ambapo watu wanakula, wanacheza na kusikiliza hotuba mpaka usiku. Kila mji ulikuwa na yake. Kwa hiyo muziki wa milima ya Andes ukaenea Italia kwa njia ya viwanja vya vijijini, kwenye harufu ya soseji na mvinyo, kabla ya majumba makubwa ya maonyesho.

Na ule wimbo wa "El pueblo unido", wenye kiitikio kwamba umma ulioungana hautashindwa kamwe, mpaka leo unausikia kwenye maandamano huku. Ulitungwa na Sergio Ortega pamoja na kundi la Quilapayún, lakini Italia watu wengi waliujua kwa sauti za Inti-Illimani.

Binti Mvita

Hamjambo nyote. Nilikuwa nasoma kimyakimya ila nina swali, na naomba mleta uzi asiudhike.

Mwaliita muziki wa asili. Asili ya nani? Hawa walikuwa wasomi wa Santiago, mji mkuu, watoto wa chuo. Charango, quena na zampoña ni vyombo vya watu wa nyanda za juu, Waaymara na Waquechua wa Bolivia, Peru na kaskazini kabisa mwa Chile. Kwa ninavyojua, Santiago na bonde lake asili yao ni ngoma ya cueca na nyimbo za tonada, gitaa na kinubi. Sasa mwanafunzi wa uhandisi akivaa poncho akapuliza filimbi ya Mwaymara, huo ni uasili au ni vazi?

Mwana wa Makorora

Dada, sijaudhika hata kidogo. Swali hili nimeishi nalo.

Ni kweli, hawakuzaliwa na vyombo hivyo. Na mmoja wao, Max Berrú, hakuwa hata Mchile, alikuwa mtu wa Ecuador aliyekuja Chile kusoma. Lakini walikwenda Bolivia mapema, miaka ya 60 haijaisha, wakajifunza na kurekodi huko. Na ukiisikiliza Viva Chile! utaona hawakujifanya watu wa kijiji kimoja. Mna "Longuita" ya Ecuador. Mna "Fiesta de San Benito" ya Bolivia. Mna cueca ya Chile. Mna utunzi wa Violeta. Nia yao ilikuwa kusema Amerika ya Kusini ni nyumba moja yenye vyumba vingi, na Mwindio wa mlimani, aliyekuwa akidharauliwa mjini, ndiye mwenye nyumba. Kwa Santiago ya wakati ule, mtoto wa chuo kupanda jukwaani na quena kulikuwa ni kuchagua upande.

Hiyo "Fiesta de San Benito" naomba niikalie kidogo. Mtakatifu Benedikto huyo ni Mweusi. Alizaliwa Sicily karne ya 16, wazazi wake Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Bolivia nayo ina Weusi wake, kizazi cha watu waliosafirishwa kutoka Afrika kwenda kwenye migodi ya fedha ya Potosí, baadaye wakawa kwenye mashamba ya mabonde ya Yungas. Ngoma yao inaitwa saya. Kwa hiyo ukisikia mdundo wa wimbo ule na mwili ukataka kuitika wenyewe, usishangae. Sehemu ya asili yake ni huku kwetu barani.

Fundi Udi

Niongeze kwa Bi Mvita. Taarab yetu nayo ilianzaje? Fidla, kanuni na udi vyote vilikuja na meli. Mwanzo ilikuwa ya ikulu, maneno Kiarabu. Akaja Siti binti Saad, mtu wa shamba, akaiimba kwa Kiswahili, mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Leo nani atathubutu kuniambia taarab si ya asili yangu? Chombo ni cha yule anayekilisha na kukilea.

Binti Mvita

Nimekuelewa Fundi, na la Siti silipingi. Lakini Siti alitoka chini akapanda. Hawa walikuwa mjini wakaenda kuchukua mlimani. Si njia moja. Naomba tu isisahaulike kwamba kuna Mwaymara alipuliza filimbi hiyo maisha yake yote na jina lake halimo kwenye jalada lolote.

Mwana wa Makorora

Nakubali. Hilo lako linabaki palepale, sina la kulijibu.

Hoima Kwetu

Nimesoma habari ya zampoña nikakumbuka kwetu Bunyoro. Nilitazama video za wapigaji wa Bolivia wakiipuliza kwa namna ya zamani. Kumbe ile filimbi ya mianzi mingi si ya mtu mmoja! Imegawanywa safu mbili, moja inaitwa ira na nyingine arka. Moja kawaida ina mianzi 6, nyingine 7. Noti zinapishana, ya kwanza iko kwako, ya pili iko kwa mwenzako, ya tatu iko kwako. Peke yako huwezi kupiga wimbo. Mpaka mwenzako ajaze pengo lako.

Sisi tuna amakondere, baragumu za vibuyu za jumba la mfalme. Kila mtu ana baragumu yenye noti yake moja. Mmoja akikosa kuja, wimbo unakuwa na tundu. Babu yangu alikuwa akisema baragumu ya aliyefariki lazima apewe mtu kabla ya sherehe nyingine.

Ndiyo maana nimeguswa na jambo la kundi hili kukaa pamoja miaka 15 ugenini. Wangetawanyika, kila mmoja angebaki na nusu ya noti.

Kijana wa Mazimbu

Mimi nimekulia Morogoro, Mazimbu, walipokuwa wakimbizi wa Afrika Kusini wa ANC. Shule yao ya Solomon Mahlangu ilifunguliwa 1978 na waliikabidhi kwa serikali yetu 1992. Nilikuwa mdogo sana, lakini nyimbo zao nazikumbuka mpaka leo. Jioni ukipita karibu unasikia sauti nne zinapanda, hakuna chombo. Na nilikuwa najiuliza, hawa si wamefukuzwa kwao, mbona wanaimba kama wanakwenda harusini?

Sasa mleta uzi ameniletea jibu ambalo sikuwahi kulipata. Nimeitafuta Viva Chile! jana usiku nimeisikiliza yote. Ni jambo lilelile. Walikuwa wanaimba kama wanavyotaka kukuta mambo siku wakirudi.

Hata Mama Miriam Makeba, pasi yake ilifutwa 1960, akarudi kwao 1990. Miaka 30 hiyo. Na katika miaka hiyo ndiyo alituimbia "Malaika" dunia nzima ikaijua.

Ngurumo

Uzi umekuwa mzito huu. Swali: kule Chile kwenyewe ilikuwaje? Watu walikuwa wanawasikiliza kwa siri?

Mwana wa Makorora

Kaka, huko kulikuwa kugumu. Lebo ya DICAP, iliyokuwa ikitoa muziki wa akina Jara, Quilapayún na hawa, ilivamiwa na kanda zake za asili kuharibiwa. Mjane wa Víctor Jara, Joan, aliweza kutoroka na baadhi ya kanda za mumewe nje ya nchi, vinginevyo tungekuwa tunamsikia kwa hadithi tu. Ukumbi alimouawa leo unaitwa kwa jina lake. Na mwaka 2023, miaka 50 baadaye, Mahakama ya Juu ya Chile ilithibitisha vifungo vya wanajeshi wastaafu waliohusika.

Sasa jambo la ajabu kuliko yote. Vyombo vyenyewe vilitiliwa shaka. Quena na charango vilikuwa vimeshakuwa sauti ya upande wa Allende, kwa hiyo kuvipiga hadharani kulikuwa hatari, na redioni vikanyamaza. Filimbi ya mwanzi! Lakini 1974 likatokea kundi la Barroco Andino. Wakachukua quena, zampoña na charango zilezile, wakapiga Bach na Vivaldi makanisani. Nani atamkamata mtu kwa kupiga Bach kanisani? Hakukuwa na neno lolote la siasa, lakini kila aliyekaa kwenye benchi alijua anachosikiliza.

Huku nje kundi halikukaa kusubiri tu. Walizunguka Ulaya yote, Mashariki na Magharibi, na mabara mengine, na muziki ukabadilika. Ukitoka Viva Chile! ukaenda "Palimpsesto" ya 1981 utasikia bahari ya Mediterania imeingia. Mwaka 1979 Salinas na mshairi Patricio Manns walitunga "Vuelvo", yaani "narudi". Waliuimba miaka 9 kabla hawajarudi.

Nipo Bologna

Kwa nini hasa hawakuweza kurudi? Walikuwa na kesi?

Mwana wa Makorora

Walikatazwa tu, kama maelfu ya wenzao. Hapa acha nieleze nilivyoijua albamu hii, maana jibu lako limo humo.

Baba yangu alisoma kilimo Italia mwanzoni mwa miaka ya 80. Chumba cha bweni aligawana na Mchile mmoja mkubwa kwake kwa umri. Baba anasema siku ya kwanza yule bwana alimwonyesha pasi yake ya kusafiria. Ndani ilikuwa imepigwa herufi moja, L. Pasi za namna hiyo zilimaanisha mwenye nayo haruhusiwi kuingia Chile. Unaweza kwenda nchi yoyote duniani itakayokupokea, isipokuwa kwenu. Baba alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Anasema aliishika ile pasi muda mrefu, akaona aibu kuirudisha haraka.

Kwenye mwaka wa pili wa baba, bibi yangu mzaa baba akafariki Tanga. Barua ilimfikia wiki ya tatu. Nauli ya ndege hakuwa nayo, na maziko yalishapita. Yule Mchile hakumwambia neno. Aliweka kanda, "Alturas", ikaisha, akairudisha nyuma, akaiweka tena. Walikaa hivyo mpaka alfajiri. Kisha akamwekea "Rin del angelito" ya Violeta Parra, akamweleza kwamba kule mashambani kwao mtoto mchanga akifa humvika nguo za malaika, wakamkalisha kitini katikati ya chumba, na watu wakaimba usiku kucha wakimsindikiza. Baba akamwambia na sisi twaamini mtoto akitangulia anakuwa akiba ya wazazi wake. Mmoja Mwislamu wa Tanga, mwingine mkomunisti wa Chile asiyesali. Walielewana.

Baba alipomaliza masomo alipewa ile kanda. Ndiyo tuliyokua nayo nyumbani, na sisi watoto tulikuwa tukiicheza "Fiesta de San Benito" uani bila kujua lolote.

Binti Mvita

Allah amrehemu bibi. Nimesoma hii nimeshindwa kuendelea na kazi.

Kijana wa Mazimbu

Mkuu malizia ile ya kurudi. 1988.

Mwana wa Makorora

Tarehe 1 Septemba 1988 serikali ya Jenerali Pinochet, yule aliyeongoza mapinduzi ya 1973, ilitangaza kufuta marufuku kwa waliokuwa uhamishoni, kwa sababu kura ilikuwa inakuja na dunia ilikuwa inatazama. Kura yenyewe ilikuwa rahisi: Pinochet aendelee miaka 8 mingine, Ndiyo au Hapana. Inti-Illimani hawakungoja matokeo. Walitua Santiago tarehe 18 Septemba, sikukuu ya taifa la Chile, na umati ulikuwa ukiwasubiri. Tarehe 5 Oktoba watu wakapiga kura, Hapana ikapata karibu asilimia 56.

Siku 9 baada ya kura, tarehe 14 Oktoba, walikuwa jukwaani Mendoza, Argentina, kwenye ile ziara kubwa ya Amnesty International iliyokuwa na Sting, Peter Gabriel, Bruce Springsteen na Youssou N'Dour. Ziara hiyo ilikuwa imetoka kupita Harare na Abidjan wiki iliyotangulia. Ilipigwa Mendoza kwa sababu Chile ya Pinochet isingeipokea, na Mendoza iko ng'ambo tu ya Andes. Wachile kwa maelfu walivuka milima kwa mabasi kwenda kusikiliza.

Baadaye kundi liligawanyika. Salinas, Horacio Durán wa charango na José Seves walitoka, na sasa kuna mawili, Inti-Illimani na Inti-Illimani Histórico. Max Berrú alifariki 2018. Ugomvi wao wa jina siuingii, nawapenda wote.

Ngurumo

Na yule Mchile wa bweni? Alirudi?

Mwana wa Makorora

Aliandika mara moja tu, mwisho wa mwaka huohuo. Kadi yenye picha ya mji wa Santiago, milima nyuma yake. Kwa Kiitaliano, lugha pekee waliyokuwa nayo pamoja. Baba aliisoma kwa sauti tukiwa mezani, mimi nikiwa na miaka 6: nimefika, mama bado yupo hai, hakunitambua mlangoni. Baba akajibu, na hakupata barua nyingine. Kadi bado anayo, ameichomeka kwenye jalada la kanda.

Fundi Udi

Na kanda yenyewe bado inapiga?

Mwana wa Makorora

Inapiga upande wa kwanza. Upande wa pili utepe umejikunja na kushikana palepale kwenye "Rin del angelito". Nimempelekea fundi redio mmoja hapa Ngamiani, mzee mwenye subira, ameufungua kwa bisibisi ya saa na anaunyoosha inchi kwa inchi juu ya karatasi nyeupe. Ameniambia nirudi Jumanne.